Waliobaki Tumboni mwa Zimwi

Mama yangu hakusimulia hadithi mchana. Ukimwomba hadithi jua likiwa juu, ulitazamwa vibaya sana halafu ukapewa jembe. Hadithi ilingoja kuku waingie, na kwetu Busibwabo kuku wanaingia mapema, kwa sababu giza la chini ya miti huanza kabla ya lile la angani. Waliokiuka, alisema mama, ng'ombe wao walipotea malishoni wasionekane tena. Sisi ng'ombe wetu walikuwa wachache, kwa hiyo hatukutaka kujaribu.

Jioni tulikaa jikoni tukimenya njugu, yeye akisimulia. Alikuwa na masharti yake. Hadithi haiendi bila kuitikiwa. Kila alipovuta pumzi ilibidi mmoja wetu aseme "eee," na kama hakuna aliyeitikia, mama alinyamaza palepale alipofika, akafagia maganda, akatupeleka kulala. Hakujali amefika wapi. Zimwi lingekuwa limeshameza kijiji kizima, mama huyo anafagia maganda.

Jioni moja nilisinzia, na ndugu yangu, ambaye ni mdogo wangu, alikuwa amelala kitambo. Asubuhi nilipoamka nikakumbuka tulipofikia, nikamfuata mama shambani mbio.

"Wale watu umewaachaje?"

"Watu gani?"

"Waliomezwa. Bado wako tumboni!"

"Watangoja," akasema, na jembe halikusimama.

"Wanakula nini huko?"

"Wanakula linachokula zimwi lenyewe. Haya, nenda shule."

Siku hiyo sikusoma kitu. Nilikaa darasani nikiwawazia watu wale, wamekaa gizani kwa adabu, wakingoja mimi nisisinzie tena.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyelima ng'ambo ya mto. Kila asubuhi aliwafungia wanawe ndani na kuwaambia wasimfungulie mtu. Jioni akirudi alisimama nje akaimba, nao wakaijua sauti, wakaondoa kipingo. Wimbo huo tuliuimba kwa lugha yetu. Kwa Kiswahili unapoteza nusu ya utamu, lakini unakaribia hivi:

Mlango wangu, mlango wa mti,
nifungulieni, nimerudi;
mzigo kichwani, jua kisogoni,
nifungulieni, nimerudi.

Zimwi lilijificha kwenye migomba likausikiliza. Mara ya kwanza liliimba kwa sauti yake nzito, watoto wakalicheka. Likaenda likanywa asali, likameza mchanga laini wa mto wetu uitwao Sio, likarudi koo limelainika. Watoto wakafungua. Likawameza. Likameza kuku, likameza ng'ombe, likameza majirani waliokuja kuuliza kelele ni za nini, na mama mtu aliporudi likammeza pamoja na mzigo wake. Alibaki msichana mmoja tu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mtungi. Huyo akakua peke yake, akanoa kisu, akalitafuta. Alilikuta limelala chali juu ya mwamba, macho wazi, limechoka kabisa. Likamwambia, "Kata kidole changu cha mwisho, mwanangu. Hawa watu wananipigia kelele humu ndani, sipati usingizi." Akakata. Wakatoka mmoja mmoja kwenye lile tundu dogo, watu kwanza, ng'ombe mwisho, na kila aliyetoka aliuliza kama amechelewa.

Nilipokuwa mtoto niliamini hadithi hiyo inahusu kufunga mlango, basi. Mama alikwenda shamba kweli na sisi tulifungiwa kweli. Baadaye niliolewa Malaba, nikafungua hoteli ya madereva wa malori, nikapata wanangu, nikawasimulia nyuma ya hoteli kwenye magunia ya makaa. Hapo ndipo nikaona kitu kingine. Zimwi halikuja na pembe. Lilikuja na sauti ya mama. Mtu baki angefukuzwa mlangoni pale, lakini kile kinachokumeza kinakuja na wimbo unaoujua. Nilishtuka mwenyewe nilipoliona hilo, nikanyamaza katikati ya hadithi, wanangu wakapiga "eee! eee!" mpaka nikaendelea.

Sikumwambia mtu. Nani atakaa kumsikiliza mwanamke wa chapati akichambua mazimwi? Lakini ukisukuma unga alfajiri mikono inafanya kazi yenyewe na kichwa kinazurura, na changu kilizurura kwenye lile tumbo. Nililiona lina vyumba. Nililiona lina moshi mdogo wa jikoni. Watu wameshazoea, wameweka mafiga, kuna mzee anaulizia habari za mvua za nje kila anapoingia mtu mpya, na watoto wanacheza bila kuchoka na bila kukua. Nje, malori yamepanga foleni kuelekea Uganda, ukungu umeyafunika magurudumu, na mimi nimesimama na kifimbo cha chapati mkononi nikisikiliza watu wasiokuwapo. Dereva anagonga meza, "Mama, chai!" Nakurupuka.

Nimekaa Malaba miaka mingi hata sauti yangu imeharibika. Moshi wa makaa, na kupigia watu kelele kushinda injini za malori, vimenipa sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unaniita mzee. Madereva wananitania kwamba nikikohoa geti la mpaka linafunguka lenyewe. Na ni kweli mimi hapo siulizwi kitu. Watu wanatoa vitambulisho, wanajieleza wanatoka wapi, wanakwenda kwa nani. Mimi navuka kununua ndizi na askari ananiuliza tu kama maharagwe yameiva.

Mlango ulionishinda ni wa mama yangu.

Alianza kupotea polepole, akiwa amekaa palepale nyumbani kwake. Kwanza alipoteza majina ya jirani, halafu siku za soko, halafu vifo. Hilo la vifo lilikuwa gumu, kwa sababu alimtengea baba chakula, naye baba tulikuwa tumemzika zamani. Daktari mjini Busia alisema kwa upole kwamba ubongo umezeeka, na kwamba tusigombane naye. Tusigombane! Mimi, ambaye nagombana hata na jiko likikataa kuwaka.

Tulimtafutia mtu wa kukaa naye, mama mmoja kijana, mjane wa Kiteso kutoka upande wa Amukura, mpole, anayecheka kabla ya kusema. Mama akawa na tabia ya kujifungia ndani mchana. Ndugu yangu alikuja kutoka Eldoret anakofanya kazi, akang'oa kitasa ili asijifunge tena, akaacha tundu kwenye mlango. Mama akamngoja aondoke, kisha akachukua mchi wa kinu akauegemeza mlango kwa ndani. Mchi ule ni wa mti mgumu. Ukiusukuma ndio unazidi kukaza.

Yule mjane alifunguliwa kila mara. Nilikuwa nikija, mimi sifunguliwi, mpaka yeye aingie kwanza aniondolee mchi. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Nikamuuliza siri yake.

"Dada, kukhu ananiuliza mimi ni nani," akasema. Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha yetu, na alikuwa amelizoea neno hilo. "Namwambia mimi ni mgeni tu, napita. Anafungua. Wewe unamwambia wewe ni wake."

Akacheka. Mimi sikucheka, nilikwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kisha mwaka huu, wakati wa mvua za kwanza, mjane alifiwa kwao akaenda matanga. Nikaacha hoteli kwa binti yangu nikapanda pikipiki kwenda Busibwabo. Nilikuta nyumba imefungwa, mchi uko mlangoni, na jirani ananiambia mama hajatoka wala kula tangu mjane aondoke siku iliyotangulia. Walimpelekea uji, hakufungua.

Nikagonga. "Mama, ni mimi. Fungua."

"Wewe nani?" Sauti yake ilikuwa karibu sana, nyuma tu ya mbao.

"Binti yako!"

"Binti yangu ni mdogo. Yuko shule."

"Mama, tazama kwa tundu. Ni mimi."

Mwanga wa lile tundu ukazibwa, nikajua anatazama. Nilisimama wima na leso yangu na mwili wangu huu wa hoteli, nikajaribu kutabasamu. Basi nikasikia anarudi nyuma, miguu inaburuta, na akaanza kulia kidogo kidogo, kilio cha mtu anayeogopa asisikike.

"Umemmeza," akasema. "Sauti yako ni nzito. Umemmeza mwanangu."

Jamani, mtu anaweza kutukanwa na wateja wa mpakani maisha yake yote, akatukanwa kwa lugha za nchi zote ambazo malori yanatoka, na asilie. Mimi nililia pale mlangoni. Nililia kwa hasira kwanza, nikaupiga mlango teke, mchi ukakaza zaidi, na huko ndani mama akapiga ukelele. Nikakoma.

Nikampigia ndugu yangu simu. Alikasirika, kama nilivyokuwa nimekasirika mimi, maana tumezaliwa tumbo moja. "Kesho asubuhi nakuja na fundi tuvunje huo mlango," akasema. "Halafu namchukua nakuja naye Eldoret. Mambo ya kubembelezana yameisha, dada."

"Ukivunja mlango na yeye yuko ndani, atakufa kwa hofu."

"Na asipokula?"

Nikakata simu. Nilikaa kwenye kizingiti, mgongo wangu kwenye mlango. Nilijua kitu kimoja tu: mlango ukivunjwa, itakuwa kama alivyoogopa, zimwi litakuwa limeingia kweli. Atapakiwa kwenye gari na watu waliommezea watoto, apelekwe kwenye nyumba isiyo na kinu wala kuku, na huko hatamaliza mwezi. Nilikuwa na mchana mmoja na jioni yake.

Nikapika. Nikawasha moto uani ili harufu iingie ndani, nikasonga ugali wa muhogo na mtama, nikachemsha mrenda anaoupenda, nikapasha omena, dagaa wa kwetu. Nikaweka sahani karibu na mlango nikasogea mbali, kama unavyomfanyia kuku mgeni. Nikaona kivuli kwenye lile tundu la kitasa. Kivuli kikaondoka. Ugali ukapoa, mvua ndogo ikaja, nikauondoa.

Nikajaribu wimbo. Nilijua ni ujinga, lakini nikaimba ule wa mlango wa mti, kwa lugha yetu, kwa sauti nyembamba kadiri koo langu lilivyoweza. Nilipomaliza nikasubiri mchi uondoke. Halafu mama akacheka huko ndani, kicheko cha dharau kabisa, kicheko chake cha sokoni.

"Ulikunywa asali, eeh?" akasema. "Na mchanga ulimeza?"

Nami nikacheka. Sikuweza kujizuia. Alikuwa amesahau mume amekufa, amesahau rais ni nani, lakini hadithi yote ilikuwa kichwani mwake, haijapungua hata punje. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ndani ya nyumba ya Busibwabo hata kidogo. Alikuwa ndani ya hadithi, na mlango ule ulikuwa mlango wa hadithi. Mimi nilikuwa nimeshinda kutwa nikigonga mwingine.

"Mama," nikasema, "nikusimulie?"

"Mchana?" Alikasirika kweli. "Unataka ng'ombe wapotee?"

Basi nikangoja. Nilikaa kwenye kizingiti nikimenya njugu nilizozikuta kwenye ungo, na mvua ikakatika, na jua likarudi kidogo kwenye majani ya migomba. Sijui kama nimewahi kukaa hivyo tangu niwe mtu mzima, bila sufuria mkononi. Nilisikia harufu ya udongo ule ikiniingia, na mambo yakaanza kulegea kichwani. Mara nilikuwa mwanamke wa Malaba, mara nilikuwa na gauni la shule na miguu ina tope. Nikamwona yule msichana wa gauni la shule waziwazi. Amekaa mahali pa giza ndani yangu, mikono mapajani, ananyamaza kwa adabu. Amekula nilichokula miaka yote hiyo. Chapati zangu, matusi yangu, msiba wa baba, ada za shule, vyote. Hakuna aliyemuitikia.

Na nikasema, peke yangu, kwa sauti, "Kumbe ni kweli."

Kwa sababu mama hakuwa amekosea, sivyo? Alikuwa na mtoto wa kike mwembamba mwenye sauti ya kinanda. Mtoto akaenda shule asubuhi moja, na jioni limekuja jitu zito la moshi linasema, ni mimi. Angefungua kwa nini? Kutwa nzima nilikuwa nikimwapia kwamba mimi si zimwi. Mazimwi yote husema hivyo.

Kuku wakaanza kuingia, mmoja mmoja, wakilalamika.

Nikaanza kusimulia. Nilisimulia nikiwa nimeegemeza kichwa kwenye mbao, karibu na tundu, bila kubadilisha sauti yangu, nzito vilevile ilivyo. Mwanamke alilima ng'ambo ya mto. Nikavuta pumzi. Kimya. Nikaanza kufagia maganda ya njugu kwa kiganja, kwa sauti, asikie.

"Eee," akasema mama haraka.

Nikaendelea. Alisogea. Nilisikia kigoda kikiburutwa, halafu pumzi yake upande wa pili wa mbao, na kila nilipotua aliitikia, "eee," kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kama mtoto anayepigana na usingizi. Zimwi likameza watoto. Eee. Likameza kuku na ng'ombe. Eee. Likameza majirani, likameza mama na mzigo wake. Hapo hakuitikia kwa muda, nami nikangoja, maana pale hata mimi pananiuma. "Eee," akasema mwishowe.

Msichana akakua, akanoa kisu, akalitafuta. Akalikuta limelala juu ya mwamba, macho wazi.

"Likasemaje?" mama akauliza.

Nikaingiza kidole changu cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kwenye tundu la kitasa.

"Likasema, kata kidole changu, mwanangu. Watu wananipigia kelele humu ndani. Nimechoka. Sipati usingizi."

Nilihisi vidole vyake vikikishika changu. Vilikuwa vikavu na vyepesi, na vilikishika kama mtu anayejua kazi. Halafu vikaniachia, nikasikia anapapasa ukutani, kwenye ule ufa alipokuwa akiweka wembe wake wa kutukatia kucha. Yule mjane alikuwa ameficha visu vyote vya nyumba hiyo. Wembe, nani angeukumbuka? Ningeweza kuvuta mkono. Niliwaza mikono ninayokandia unga, nikawaza ujinga wangu, nikawaza fundi na nyundo yake kesho. Sikuvuta.

Akakata. Kidogo tu, palepale kwenye ncha, lakini wembe ni wembe, na mimi nilikuwa nimefumba macho. Nikapiga kelele. Nilimwita mama kwa lugha yetu, neno moja, na ile sauti iliyotoka, haki ya Mungu, sikuijua. Ilikuwa nyembamba. Ilitoka mahali ambapo moshi haukufika.

Mchi ukaanguka sakafuni.

Mlango ukafunguka, na mama yangu akasimama mbele yangu na gauni lake la maua, kichwa wazi, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Akanishika mashavu yote mawili, akanigeuza kwenye mwanga uliobaki, akanipangusa machozi kwa kidole gumba kwa nguvu, jinsi alivyokuwa akitupangusa uji.

"Mwanangu," akasema. "Kumbe ulikaa humo mpaka ukazeeka."

Nilikaa chini pale kizingitini, naye akakaa, na tukalia wote wawili bila aibu, jirani akachungulia akaondoka. Nilimwomba ule wembe, akanipa bila ubishi, kazi yake ilikuwa imekwisha. Alichana ukingo wa leso yake akanifunga kidole, fundo zuri, imara. Halafu akatazama nyuma yangu, kwenye njia, akakishika tena kile kidole akakigeuza huku na huku.

"Na baba yako?" akauliza.

Daktari alisema tusigombane naye. Lakini jibu langu halikutoka kwa daktari.

"Anakuja nyuma," nikasema. "Yuko na ng'ombe."

"Eee," akasema mama.

Akala. Alikula ugali wote na mrenda wote, nikimtazama, na macho yake yakiwa mlangoni. Hakutaka ufungwe. Tulipolala niliuacha wazi kidogo, mimi nimejilaza kwenye mkeka hapo hapo kwa ajili ya wezi, na hewa yenye unyevu ikaingia na kutoka kama watu wanaopita.

Asubuhi ndugu yangu akafika na fundi. Alikuwa amevaa suti yake ya kazini, amenenepa, kipara kinang'aa, na kwenye gari alikuwa amebeba blanketi jipya la kumfunika mama njiani. Alikuta mlango wazi na sisi tumekaa kizingitini na chai. Alisimama uani, asijue aweke wapi ile hasira aliyoendesha nayo kutoka Eldoret. Fundi alikuwa nyuma yake na nyundo.

Mama alimtazama kuanzia viatu kwenda juu, akaniinamia sikioni.

"Hili nalo," akanong'ona, "limemmeza nani?"

Lakini kunong'ona kwa mama ni kwa watu wa shamba, kunasikika hadi barabarani. Ndugu yangu alisikia. Nilimwona uso ukimbadilika. Alitazama kidole changu kilichofungwa leso, akatazama tundu aliloliacha mwenyewe mlangoni, akanitazama mimi. Naye alilelewa kwenye maganda yale yale ya njugu. Alimpa fundi funguo za gari ashike, akaja, akapiga magoti kwenye tope na suti yake, akanyoosha kidole chake cha mwisho.

Wembe nilikuwa nao mimi, nimeuficha. Mama akakiuma.

"Woi!" akalia ndugu yangu, na ilikuwa sauti ya yule mtoto aliyekuwa akisinzia kabla ya hadithi kuisha. Hakuinuka. Aliweka kipara chake kwenye mapaja ya mama, mabega yakaanza kutikisika, na mama akawa anampapasa kichwa, akitafuta nywele alizoziacha hapo.

Kisha akaniambia nikalete kikombe kingine.